Sifa ya Koti la Kazi

Nguo ya kazi hupewa jasho, vumbi na viraka, illa taadhima haipewi. Na kwa sababu hiyo yastahili kutajwa kwa hisani ile hima ya Wajapani, ambao baada ya kushindwa vita mwaka 1945 waliyaona makoti ya askari wa Marekani yakiuzwa chakavu katika soko la Ameyoko, Tokyo, nao wasiishie kuyavaa, bali wakayachunguza mshono kwa mshono kama mwanachuoni achunguzavyo mswada wa kale. Kojima, mji wa mkoa wa Okayama uliokuwa mashuhuri kwa sare za shule, ukaanza kushona jinzi mwaka 1965. Na hata leo wamo humo mafundi wanaotumia kitambaa cha nili kilichofumwa kwa mitambo ya zamani, myembamba na ya polepole, kitambaa ambacho kingo zake hujifunga zenyewe zisifumuke. Kampuni ya Kijapani ya Buzz Rickson's nayo, tangu mwaka 1993, huyaiga makoti ya marubani wa Marekani hata zipu na lebo.

Ustadi huo si mgeni hapa Singe, Babati. Fundi cherehani wa Babati, aletewapo koti la mtumba lenye mifuko minne na mabega mapana, huchukua wembe akalifumua taratibu, akalaza kila kipande juu ya gazeti, akachora mzingo wake kwa chaki, akaacha nafasi ya mshono. Kisha hutazama kwa ndani, mahali ambapo mteja hatazami, ajue ni wapi kitambaa kilikunjwa mara mbili kikapigwa nyuzi mbili, na kwa nini pembe za mfuko zilishonwa kwenda na kurudi hata zikawa ngumu. Hapo ndipo elimu ilipo. Koti lililoshonwa Ulaya kwa ajili ya karakana humfundisha mtu wa Manyara bila mwalimu wala ada.



Hadhari moja ipo kwa koti la kijeshi: mnamo Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwataka raia wenye sare za jeshi, au nguo zinazofanana nazo, wazisalimishe ndani ya siku saba. Basi fundi achukue mkato na mifuko, mabaka ayaache.

Mjapani amempita fundi wetu kwa mteja mvumilivu tu, kwani mikono ni ile ile. Sisi twaleta kitambaa asubuhi, twataka nguo kabla ya magharibi, na bei twaipunguza mpaka uzi wa pili unaachwa. Ewe msomaji wa Babati, mpelekee fundi wako kitambaa kizito cha drili, mpe juma zima, na umlipe ujira wa juma zima.