Wewe Ukungu, U Nani?

Mkate ukiota ukungu tunautupa, basi. Wapo wenzetu, wataalamu wa ukungu, wanaouchukua ukungu huohuo, wakaupandikiza kwenye kisahani na kuuhoji: wewe u nani?

Kazi yao ina harufu ya jikoni. Hupika uji wa kimea, huugandisha kwa agari itokayo kwenye mwani, hudonoa mahali patatu kwa sindano yenye ukungu, kisha huuacha gizani siku saba kwenye nyuzijoto 25. Siku ya saba hupima upana wa ukungu kwa rula. Halafu rangi, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Kwao “kijani” si jibu. Kijani cha nini, cha jani bichi au cha shaba iliyochakaa? Upande wa chini je? Umetoa jasho, na matone yake ni maangavu au ya manjano? Ndipo hadubini inapoletwa. Mwaka 1729, mtaalamu Micheli wa Florence aliona vichwa vinavyofanana na kinyunyizio cha maji ya baraka, akaviita Aspergillus. Mwaka 1809, mtaalamu mwingine, Link, akaona brashi: Penicillium.

Siku hizi jeni nazo hulinganishwa, na sampuli iliyokaushwa huhifadhiwa iwe shahidi. Tangu 2012 maelezo ya spishi mpya yanaruhusiwa kuandikwa kwa Kiingereza badala ya Kilatini. Kiswahili bado kinabisha hodi.

Umakini huo si wa bure. Aspergillus oryzae huwatengenezea Wajapani mchuzi wa soya. Ndugu yake wa karibu mno, Aspergillus flavus, hutia sumukuvu kwenye mahindi. Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Lugha yetu huwaita ndugu hao wawili kwa neno moja: ukungu.

Hata mabingwa huteleza. Mwanasayansi Fleming alipougundua ukungu unaotoa dawa ya penisilini jijini London mwaka 1928, mwenzake alimwambia ni Penicillium rubrum, naye akachapisha hivyo. Thom wa Marekani akasahihisha: ni notatum. Baadaye ukaitwa chrysogenum. Mwaka 2011 ndipo jeni zilipoonyesha kwamba ni Penicillium rubens, spishi ambayo Biourge wa Ubelgiji alikwisha kuieleza na kuipa jina mwaka 1923, miaka mitano kabla Fleming hajaiona kwenye kisahani chake.