Ubao Usiogeuka

Antena bapa ya safu ni ubao uliopangwa antena ndogo nyingi zinazofanya kazi kama moja, na anayeutazama huona vipande vya shaba vilivyopangwa kama vigae, pasipo sahani wala mota ya kuizungusha; hata hivyo, uso wake ukiwa umetazama mbele tu, rada yake huweza kumulika kushoto. Antena zote zikitoa wimbi kwa wakati mmoja, mawimbi huungana mbele ya ubao na kufanya mwale, yaani nguvu iliyokusanywa upande mmoja, lakini kila antena ikichelewa kidogo kuliko jirani yake wa kulia, mwale huinama kushoto. Ni ajabu kidogo, lakini mwale huwafuata waliochelewa.

Uzuri wa ufundi huu umo katika udogo wa uchelewaji huo. Kwa rada ya gigahezi 10, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimita 3, antena zikiachana kwa sentimita 1.5 na mwale ukitakiwa kuinama digrii 30, kila moja sharti ichelewe kwa muda ambao wimbi husafiri milimita 7.5 hewani, nao ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni 40. Mchoraji wa bodi huupata muda huo kwa kurefusha njia ya shaba inayolisha antena, akiipinda kama nyoka, huku akikumbuka kwamba ndani ya bodi wimbi huenda polepole zaidi, kwa hiyo kipimo cha hewani hakihamishwi kilivyo.

Mwanafizikia Karl Ferdinand Braun alikwisha kuonyesha wazo hili mwaka 1905 kwa antena tatu tu. Rada ya Cape Cod, Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1980 kutoa tahadhari ya mapema dhidi ya makombora, ina antena hai 1,792 katika kila uso wa jengo lake, na uchelewaji hubadilishwa kwa umeme, hivyo mwale huhama bila jengo kutikisika. Hata hivyo, kuinamisha kuna gharama: mwale ukifika digrii 60, ubao, ukitazamwa kutoka huko, huonekana nusu ya upana wake, na mwale hunenepa takriban mara mbili. Ndiyo maana uso mmoja ulipewa digrii 120 tu za kuchunguza, yaani 60 kila upande, na jengo likajengwa likiwa na nyuso mbili.