Kabla Umeme Haujapita

Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kwamba koili ya waya ikishikwa juu ya kichwa, mpigo wake wa sumaku unaweza kuchezesha vidole vya mtu asiyekusudia kuvichezesha. Baadaye zikaenea elektrodi za kubandikwa kichwani, zinazopitisha mkondo hafifu wa miliampea 1 au 2. Njia zote mbili huzaa umeme ubongoni, na zinaacha swali lilelile: ndani ya ubongo, umeme umefika wapi, na kwa nguvu gani? Fuvu halifunguliwi ili mtu achungulie. Kwa hiyo kuna watu ambao kazi yao ni kujenga kichwa kizima ndani ya kompyuta.

Huanza na picha za MRI za mtu mmoja. Programu kama SimNIBS, iliyokuzwa Denmark na kundi la Axel Thielscher, hutenganisha ngozi, mfupa, maji yanayouzunguka ubongo, sehemu ya kijivu na ile nyeupe. Kisha kichwa hukatwakatwa kuwa piramidi ndogo, mamilioni kadhaa, kila moja na kiwango chake cha kupitisha umeme. Hesabu inayofuata ni fizikia ya karne ya 19, na kompyuta haichoki.

Mimi navutiwa na mipaka. Yale maji hupitisha umeme kwa takriban simensi 1.65 kwa mita, mfupa wa fuvu kama 0.01. Tofauti hiyo inazidi mara mia, na tabaka la maji ni milimita chache tu. Umeme ukishavuka mfupa hutawanyika katika maji hayo kabla ya kuugusa ubongo. Balaa ni kwamba katika picha ya kawaida ya MRI, ya aina ya T1, maji na mfupa vyote huonekana vyeusi. Fundi makini huomba pia picha ya aina ya T2, ambamo maji hung'aa, halafu hupitia kichwa picha baada ya picha: pembeni ya sikio ambako fuvu ni jembamba, nyuma ya macho, kwenye vishimo vya hewa vya uso. Akikosea, ramani ya mwisho itapendeza vilevile kwa rangi zake nyekundu na buluu. Hakuna kengele itakayolia.

Mwaka 2017 watafiti wa New York walipima moja kwa moja umeme unaotoka kwenye elektrodi za kubandikwa kichwani, kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari wamewekewa elektrodi ndani ya ubongo kwa ajili ya upasuaji. Kwa miliampea 2, nguvu haikufika volti 1 kwa mita. Modeli zilikuwa zimekisia vizuri mgawanyo wake; ukubwa ulihitaji viwango vya vitabuni vya kupitisha umeme virekebishwe. Ndiyo maana wajuzi wa kazi hii hawaridhiki na jibu moja. Hupandisha kiwango cha fuvu, hukishusha, hurudia hesabu, kisha humkabidhi daktari wigo badala ya namba.