Tapeti, Oili na Kilomita 400,000

Mwaka 1982 Helge Pedersen, mpiga picha wa Norwei, alianza safari juu ya pikipiki ya BMW R80G/S aliyoipa jina kama mtu: Olga. Alipohitimisha safari mwaka 1992 walikuwa wamepita nchi 77 na kwenda takriban kilomita 400,000. Ni sawa na kuizunguka dunia mara kumi.

Wengi wakisikia habari hii husifu ukubwa wa injini. Hapo wanakosea. Injini ya cc 800 yenye nguvu za farasi 50 haikuwa ajabu hata mwaka 1980, pikipiki hii ilipotoka. Siri ni mpangilio: karibu kila kinachochakaa haraka kimewekwa mahali ambapo mkono wa mwenye pikipiki unafika.

Tazama tapeti, yaani nafasi ya vali. Silinda mbili zimetokeza ubavuni, kulia na kushoto, kama viwiko vya mtu aliyeshika kiuno. Injini ikishapoa, pikipiki husimamishwa kwa stendi kubwa, plagi hutolewa na gia ya tano huingizwa. Gurudumu la nyuma huzungushwa polepole kwa mkono, jicho likichungulia kitundu kidogo ubavuni mwa injini, mpaka alama ya OT itokee. Hapo pistoni iko juu kabisa. Nati tatu zikifunguliwa kifuniko kinatoka, na oili kidogo inadondoka. Roka zote mbili zikiwa na ulegevu, silinda hiyo ndiyo ya kupimwa. Zikiwa zimebana, gurudumu lizungushwe tena. Kibamba cha milimita 0.10 hupitishwa kwenye vali ya kuingiza, cha 0.20 kwenye vali ya moshi, nacho kipite kwa kukwaruza kidogo tu. Vali ni nne kwa injini nzima, na tangi la mafuta haliguswi.

Vipimo hivyo viandikwe. Nafasi ya vali ya moshi ikipungua kila inapopimwa, kiti cha vali kinalika, na mwisho wake vali haitafunga sawasawa, itaungua. Daftari huonyesha hivyo mapema, kabla dereva hajahisi nguvu zimepungua.

Nyuma hakuna cheni. Dereva wa bodaboda anaijua adha ya kukaza, kupaka oili na kubadili sproketi. Hapa ni shafti inayozunguka ndani ya bomba lenye oili yake na kupeleka nguvu kwenye difu. Oili ya difu ikimwagwa isuguliwe kati ya vidole. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyochoma kidole ni beringi au gia inayokatika.

Kasoro kubwa ya muundo huu imejificha mbele ya giaboksi. Meno yanayoiunganisha na klachi yanahitaji grisi, na ili kuyafikia lazima giaboksi isogezwe nyuma. Kazi hii haina dalili ya kumkumbusha mtu. Ikisahauliwa miaka mingi meno hukonda, hadi siku injini inanguruma na pikipiki haisogei.

Kwa hiyo anayenunua pikipiki kubwa ya safari ya muundo huu iliyokwisha kutumika aombe daftari la matengenezo kabla ya kutazama rangi au mita. Kama grisi ya meno hayo haikuandikwa humo, apunguze bei kwa gharama ya kufungua giaboksi.