Junius na neno «ulinzi»

Kijitabu ambacho Rosa Luxemburg alikiandika gerezani mjini Berlin mwaka 1915, kikachapishwa Zürich mwaka 1916 kwa jina la kupanga la Junius, husomwa kwa kawaida kama hati ya siasa. Hapa tunakisoma kama hoja iliyojengwa kwa maneno, nayo ina nguvu yake na ufa wake.

Kiini chake ni tarehe 4 Agosti 1914. Siku hiyo wabunge wa Demokrasia ya Kijamii, chama kilichopata viti 110 kati ya 397 katika uchaguzi wa 1912, waliidhinisha mikopo ya vita. Siku moja kabla, katika kikao cha faragha, 78 walikubali na 14 wakakataa. Bungeni hata hivyo walipiga kura kwa umoja, na Hugo Haase, mmoja wa wale 14, ndiye aliyesoma tamko la kuunga mkono. Nidhamu ilimtia kinywani maneno aliyoyapinga jana yake!

Mbinu ya Luxemburg ni nyepesi, lakini yauma. Anayapanga magazeti ya chama chenyewe ya Julai, yaliyoilaumu Austria kwa kutafuta vita, kisha analiweka tamko la Agosti kando yake. Msomaji anaona jinsi vita vilevile vilivyobadilishwa jina, vikaitwa ulinzi. Mfasiri wa Kiswahili angepata taabu hapa, kwani angelazimika kuchagua baina ya nchi, taifa na dola, na kila chaguo lingekuwa hukumu.

Ufa ni huu: baada ya kushikilia kwamba zama za ubeberu hazina tena vita vya kulitetea taifa, anakishauri chama kwamba kingelitetea taifa kwa kuinua bendera ya jamhuri, ile ya 1848. Lenin alimkosoa kwa hilo mwaka 1916, na kwa maoni yetu alikuwa na haki.

Linalotusumbua zaidi ni jingine. Chama chenye wanachama zaidi ya milioni moja kilikuwa pia na hazina, mitambo ya kuchapia na watumishi wa kulipwa. Kilikumbuka marufuku ya 1878 hadi 1890. Hofu hiyo Junius anaipita upesi mno. Hata Karl Liebknecht, naye miongoni mwa wale 14, alikataa hadharani, peke yake, tarehe 2 Desemba tu. Miezi hiyo minne kijitabu hakituelezi vya kutosha.