Ubao Husomwa Kichwani

Anayetaka sakafu ya mbao nyumbani kwake, Kilwa Masoko au Lindi mjini, kwanza huvutiwa na rangi, na hapo ndipo wauzaji wanapompatia. Ukishapakwa vanishi nyekundu, karibu ubao wowote unaweza kuitwa mninga. Mimi huanzia kichwani, pale msumeno ulipokatia, kwa sababu huko vanishi haifiki.

Lowesha kichwa cha ubao kwa maji kidogo. Kiini na weupe wa nje vitajitenga waziwazi. Weupe huo ndio chakula cha dumuzi, hata mti uwe bora namna gani; ukiona vitundu vidogo vinavyomwaga unga laini kama sembe, ondoka. Ubao wa sakafu uwe kiini kitupu. Kisha tazama mistari. Ikisimama wima, ubao utatulia. Ikilala kama upinde, tarajia kingo zinyanyuke masika yakiingia. Nyufa nyingi ndefu kichwani ni dalili kwamba ulikaushwa juani kwa pupa.

Kwa miti ya huku kwetu, chaguo langu la kwanza ni mpangapanga: kahawia iliyokolea, yenye michirizi myembamba ya rangi ya mchanga, na uzito wa kilo 800 hivi kwa mita ya ujazo ukikauka, kwa hiyo miguu ya viti haiuumizi kirahisi. Ni ndugu wa wenge wa Kongo. Ila yake ni utomvu, unaozuia gundi kushika na vanishi kukauka. Fundi mzuri huupangusa kwa tina kwanza. Mninga ni mwepesi zaidi, lakini hausinyai sana wala haupindi, na kwa chumba cha kulala sijaona wa kuushinda. Mkongo ni mgumu na unadumu, ila vinyweleo vyake vina unga wa manjano ambao ukilowa hutia nguo madoa. Usiuweke karibu na bafu. Mpingo tuwaachie wachongaji na watengenezaji wa klarineti: hukua polepole mno, na shina lake lililopindapinda halitoi mbao ndefu.

Uliza pia mti umetoka wapi. Wilaya ya Kilwa ina jibu la kujivunia: mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa misitu la MCDI, misitu ya asili ya vijiji vya Kikole na Kisangi iliingia katika cheti cha FSC, kinachotolewa kwa misitu inayosimamiwa vizuri, ikiwa ya kwanza Afrika miongoni mwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Fedha ya mti uliovunwa huko huingia mfuko wa kijiji. Basi muuzaji akuoneshe hati ya kusafirishia mzigo. Anayekwepa swali hili, nami humkwepa.

Ukavu ndio unaowashinda wengi. Kata kipande kidogo, kiweke kivulini ndani ya nyumba, ukipime kila wiki kwa mizani ndogo. Kikiendelea kupungua uzito, mbao bado mbichi. Zilizokaushwa bara nazo zina shida ya upande wa pili: zikifika pwani hunywa unyevu na kuvimba. Zipange ndani ya chumba chenyewe wiki mbili au tatu, na vijiti katikati ili hewa ipite, ndipo fundi aanze kazi. Aache nafasi ya sentimita moja hivi ukutani, atandike nailoni nzito juu ya zege, na misumari iwe ya shaba au iliyopakwa zinki. Hewa ya chumvi haina huruma na chuma kitupu.

Baada ya hapo adui ni mchanga. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni hulinda sakafu kuliko dawa yoyote ya dukani. Fagia kila siku kwa ufagio laini, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, na usipige deki kwa ndoo ya maji. Kati ya vanishi na mafuta ya kitani, nachagua mafuta: vanishi ikikwaruzika vibaya utapiga msasa chumba kizima, lakini mafuta hurudishiwa palepale palipochubuka. Matambara uliyopakia mafuta hayo yaanike nje, moja moja. Yakirundikwa kwenye kona hupata joto lenyewe na yanaweza kushika moto.