Ngozi Mpya au Ngozi Iliyovutwa? Uhakiki wa Dai Kuu la Utanuzi wa Tishu katika Upasuaji wa Kurekebisha Uso

Sehemu hii inahakiki dai linalojirudia katika maandishi ya upasuaji wa kurekebisha uso, kwamba utanuzi wa tishu humpatia mgonjwa ngozi mpya inayofanana na ile iliyopotea. Dai hili lina msingi, lakini linachanganya mambo mawili: wingi wa ngozi inayopatikana na ufaafu wake usoni.

Mwaka 1957, Charles Neumann alieleza jinsi alivyoweka puto la mpira chini ya ngozi karibu na sikio lililoharibika, akalijaza hewa kidogo kidogo hadi akapata ngozi ya kufunika gegedu la sikio jipya. Mbinu hiyo haikuenea hadi Chedomir Radovan alipoiendeleza katika miaka ya 1970 kwa kifuko cha silikoni kinachojazwa maji ya chumvi kwa sindano. Hata hivyo, makala yake ya mwaka 1982 ilihusu kujenga upya titi lililoondolewa. Kwenye titi, ujazo ni sehemu kubwa ya lengo. Usoni, lengo ni rangi, unene, mwendo na mipaka ya viungo.

Uchunguzi wa hadubini umeonyesha kwamba wakati wa utanuzi epidermisi huongezeka unene, dermisi hupungua, na utando wenye mishipa mingi ya damu hujengeka kuzunguka kifuko. Seli huzaliana kweli. Lakini sehemu ya eneo linalopatikana hutokana na kunyooka kwa nyuzi na kuvutwa kwa ngozi ya jirani, nayo husinyaa kifuko kinapoondolewa.

Kwa hiyo matokeo hutofautiana. Kichwani dai husimama imara: mashina ya nywele hayaongezeki, bali hutawanyika, na upara mkubwa huweza kufunikwa bila nywele kuonekana chache. Puani, ngozi ya kipaji iliyotanuliwa isipopata kiunzi imara husinyaa na kuharibu umbo. Shavuni, ngozi ikivutwa kupita kiasi huteremsha kope la chini.

Aidha, kwa majuma kadhaa mgonjwa huishi na uvimbe unaokua hadharani. Maambukizi, au kifuko kutokeza nje ya ngozi, huweza kubatilisha subira yote hiyo. Kwa aliyeungua uso na tayari anakwepa macho ya watu, kipindi hicho ni sehemu ya tiba yenyewe, si maandalizi tu. Taarifa inayokitaja kwa sentensi moja hupima kazi ya mpasuaji na kumwacha mgonjwa nje ya kipimo.

Hatudai kwamba mbinu hii iachwe. Ngozi iliyopandikizwa kutoka pajani mara nyingi hailingani na uso kama ilinganavyo ngozi ya jirani. Tunachodai ni kwamba mafanikio yasihesabiwe kwa sentimita za mraba siku ya upasuaji, bali yapimwe baada ya kovu kutulia, kwa kila eneo la uso peke yake, na kwa ushahidi wa mwenye uso.